Bomu Lililongoja Zamu ya Bibi

Yule Mngereza niliyemwendeshea gari Maskati, mwanzoni nilimpenda. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nilimwendea na chuki ya kurithi. Hakuwa na makuu. Akijichukulia chupa ya maji baridi aliniletea na mimi yangu, na tukikwama kwenye mchanga alishuka akasukuma gari nami nikashika usukani. Chuki niliipata baadaye, garini mwake, kwa maneno ya kinywa chake mwenyewe, na ninayo mpaka leo.

Nilifika Maskati mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Unguja, nikajaribu Mombasa, nikajaribu Dar, nikakaa Dubai mpaka ikanichosha. Kila mji nilioufika niliutamani ule niliouacha. Hata sasa, kidevu kimeanza mvi, ndivyo nilivyo: nikiwa huku naililia mvua ya Unguja, na nikiwa Unguja nawasimulia watu joto la Maskati kana kwamba ni la babu yangu. Lakini Maskati nilikuwa na shangazi, dada yake baba. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Hamriya, nyuma ya maduka ya vitambaa, na alinipa chumba cha uani. Siku ya kwanza aliniambia, "Humu hatulipani, mwanangu. Ila usije ukala kwa watu ukarudi kunambia umeshiba."

Shangazi alizaliwa juu ya Jabal Akhdhar, mlima mrefu wa Oman, akakulia huko mpaka akawa msichana wa kuposwa. Baba yangu alikuwa ameshachukuliwa Unguja na ami yake tangu mdogo. Vita vya mlimani vya miaka ya hamsini vilipokwisha, shangazi naye akapelekwa Unguja kwa kaka yake, hana mama tena. Huko akajifunza Kiswahili, akaolewa, akazaa, na miaka ya sabini akarudi Oman na wanawe na Kiswahili chake, kama zilivyorudi familia nyingi. Kwa hiyo alikuwa na lugha mbili za kugombana, na alijua ipi inachoma wapi.

Mngereza alikuwa mshauri wa kampuni iliyokagua ardhi kabla ya kupitishwa barabara au bomba, hasa mahali palipowahi kuwa pa kulengea shabaha au pa vita. Wafanyakazi wakifukua chuma, yeye anaitwa. Anakiinamia, anakitazama, kisha anasema: hiki chukueni, hiki msikiguse, hiki tokeni hapa. Nilikuwa dereva wake, na mkalimani wake pale Kiarabu chake kilipoishia, ingawa hakikuishia mapema. Alikuwa ameishi huku muda mrefu kuliko mimi.

Juu ya dashibodi ya gari aliweka kipande cha shaba, kirefu kama kiganja, kimechongwa vizuri kama kitu cha sonara. Wiki nyingi nilidhani ni pambo. Alhamisi moja ya mapumziko nampeleka pwani ya Yiti kuogelea, njia ile ya changarawe ya siku hizo, gari ikirukaruka mpaka kile kipande kikaniangukia mguuni. Nilikiokota nikamwuliza ni nini.

"Fyuzi," alisema. "Kitu kinachoamua bomu lipasuke lini."

Kutoka hapo akawa na la kunisimulia kila Alhamisi, na mimi nilisikiliza kama mtoto anayesimuliwa habari za majini. Alisema mabomu ya mwanzo ya ndege yalikuwa majinga. Linaanguka, linapasuka, basi. Watu walijua kuwa likishapasuka hatari imepita, wanatoka mashimoni, wanazima moto, wanawafukua wenzao. Ndipo wakubwa wa vita wakajiuliza: je, likianguka likanyamaza?

Wajarumani, alisema, walitia saa ndani ya bomu, saa ya kweli yenye meno. Inatembea chini ya udongo, polepole, na mtaa mzima umehamishwa. Wangereza wakapeleka vijana wa jeshi kuchimba na kuzing'oa zile fyuzi. Wajarumani walipoujua ujanja wao wa kung'oa, wakaweka fyuzi ya pili chini ya ile ya kwanza, ya kumwua anayeng'oa. "Wakawa wanamtega mteguaji," alisema, na alilisema hilo kwa masikitiko, maana waliomfundisha kazi walipoteza wenzao hivyo.

Kisha akaja kwenye za kwao, na sauti ikabadilika kidogo, ikapata fahari. Wao hawakuhitaji saa. Ndani ya fyuzi kuna kichupa cha kioo kina asetoni. Bomu likiwa angani, kipepeo cha mkiani, kama kijipangaboi, kinazunguka na kukivunja kile kichupa. Asetoni inaanza kula kisahani cha seluloidi, kitu cha jamii ya filamu za sinema za zamani. Kisahani hicho ndicho kinachoizuia sindano yenye springi. Kikilainika, sindano inaruka. Kisahani chembamba, saa chache. Kinene, siku nzima na zaidi.

"Asetoni ndiyo ile wanayofutia wanawake rangi ya kucha?" nilimwuliza.

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Kwa hiyo bomu linafutwa kucha mpaka linakasirika."

Alicheka sana. Alisema mengine yalijipindua ardhini, mkia ukawa juu, asetoni ikadondokea upande usio wake na kisahani kikabaki. Yako chini ya miji ya Wajarumani mpaka leo, seluloidi inazeeka yenyewe, na mara moja moja linapasuka bila kuguswa na mtu. Niliona ni elimu nzuri. Nilirudi Hamriya nikawahadithia watoto wa shangazi, na shangazi alikuwa akipita na sinia, akasikia kidogo, akapita.

Mambo yalibadilika siku tuliyokwenda upande wa Nizwa. Tulisimama kutia petroli, na mlima wa shangazi uko mbele yetu, mrefu, umekaa kama ukuta. Mngereza alikuwa akimenya chungwa. Akaunyooshea kisu kile alichomenyea.

"Kule juu nimepeleka mengi," alisema.

"Mengi nini?"

"Mabomu. Si mimi niliyerusha ndege. Nilikuwa fundi, chini, kwenye uwanja wa ndege wa pwani. Mdogo kuliko wewe. Nilikuwa nafunga fyuzi mikiani na kuchagua visahani." Akatoa mbegu ya chungwa kinywani. "Mengine ya kupasuka hapo hapo, mengine ya kuchelewa. Hatukutaka watu warudi mashambani. Mtu akijua kuna kitu kimelala kwenye ngano yake, atakaa pangoni. Ilikuwa ni hivyo tu."

Akanipa nusu ya chungwa. Mkono wangu ulikuwa umeshapokea kabla kichwa hakijaelewa, na nililila. Katika yote, lile chungwa ndilo ninalolionea hasira zaidi.

Vitabu vinasemaje juu ya vita vile, Wangereza na Sultani upande mmoja na watu wa mlimani upande wa pili, sijui. Naandika aliyonambia yeye, na aliyotuambia shangazi tangu tuko wadogo Unguja, tumekaa mkekani, kabla hajarudi Oman.

Kule mlimani maji ni ya falaji, mfereji unaotoka chemchemi na kugawiwa mashamba kwa zamu. Kila nyumba ina kipande chake cha siku, na kinajulikana kwa jua linapofika kwenye jabali fulani. Zamu yako ikipita hujafungua, maji ni ya jirani, nawe unangoja mpaka mzunguko mzima ukurudie. Siku zile watu walikuwa wamejificha mapangoni, na mikomamanga ilikuwa inanyauka machoni pao. Jioni moja ndege zilikuja zikaangusha, zikaondoka. Moja katika mabomu lilijipenyeza kwenye ukuta wa ngazi ya shamba, maana mashamba ya kule hupanda mlima kama ngazi, karibu na mlango wa maji wa bibi yangu, halikupasuka. Watu wakalitazama kwa mbali wakasema limekufa. Hawakuwa wamewahi kuona bomu linalolala.

Asubuhi ilikuwa zamu ya bibi. Alimwambia binti yake, yaani shangazi, akae pangoni awashe moto wa mkate, yeye anakwenda kufungua maji na kurudi. Jua lilipolipiga jabali alikuwa ameshainama kwenye mfereji. Shangazi alisikia mshindo akadhani ndege zimerudi. Alitoka kutazama mbinguni, mbinguni hamna kitu.

Walichokizika kilikuwa kidogo, na hawakumruhusu shangazi kukiona. Kila akisimulia alimalizia vilevile: "Lile bomu lilimngoja." Alilitaja kama mtu anavyomtaja jirani mbaya.

Sasa mimi nimekaa na aliyelifundisha kungoja, namrudisha Maskati kwa kiyoyozi.

Nilianza kwa vidogo. Nilimwambia kiyoyozi kimeharibika, ikawa ni Agosti, na nikakipeleka "gereji" kila siku, ila hakikupona. Mimi nimezaliwa kwenye joto. Yeye shati lilimganda mgongoni akawa mwekundu kama samaki wa changu. Nilimzungusha njia ndefu akachelewa vikao. Ile fyuzi niliitoa dashibodini nikaitia kwenye sanduku la zana, chini ya jeki, ili iingie grisi. Vyote hivyo vilinifurahisha mpaka jioni tu. Nikilala nilikuwa na hasira ile ile, haijapungua hata punje.

Mwisho nikamwambia shangazi. Alikuwa uani anachagua mchele.

"Ndiye?" aliuliza.

"Ndiye aliyefunga fyuzi. Labda si ya lile bomu, shangazi. Walikuwa mafundi wengi."

"Walikuwa wengi wakati ule. Sasa hivi hapa Maskati yuko mmoja."

"Nimfanye nini?"

Akaendelea kuchagua. Alitoa kijiwe akakitupa. "Usimfanye kitu. Mwendeshe vizuri. Usije ukamwua barabarani akatufia bure."

Nikamwendesha vizuri, nikarudisha na kiyoyozi. Lakini nyumbani kwetu siri haikai tumboni mwa mwanamume, na Alhamisi moja, katikati ya njia ya Yiti, nilimwambia. Nilimwambia kuwa kule juu kulikuwa na mwanamke aliyekwenda kufungua maji yake, bomu lililolala likampasukia, na kwamba mwanamke yule ni mama wa baba yangu. Nilitaka kuuona uso wake, na nilipunguza mwendo ili niuone vizuri.

Hakusema pole. Aliuliza, "Lilianguka lini?"

"Jioni."

"Likapasuka lini?"

"Asubuhi. Jua limeshalipiga jabali."

"Una hakika ni asubuhi? Si usiku?"

"Nani anafungua maji ya zamu yake ya asubuhi usiku?"

Akaniomba nigeuze gari. Siku hiyo hakuogelea. Kuanzia hapo hakunisimulia tena habari za fyuzi, ila kila siku aliniomba kitu kimoja: nimpeleke kwa shangazi. Mkataba wake ulikuwa unakwisha, anarudi kwao moja kwa moja, na hakutaka kupanda ndege kabla hajamwona. Alitaka msamaha. Alilisema neno hilo kwa Kiarabu, kwa matamshi mazuri, na ndipo nilipojua nimemshika pabaya. Kitu pekee alichokitaka hapa duniani kilikuwa nyumbani kwetu, Hamriya, nyuma ya maduka ya vitambaa, na mwenye nacho ni sisi.

Shangazi aliposikia aliuliza, "Anazijua desturi za huku?"

"Anazijua kunishinda mimi," nikamwambia. "Kuna mzee wa kijiji alikataa kampuni ipite shambani kwake. Mngereza akaletewa kahawa, akakiweka kikombe chini, hakukigusa."

Hapa nieleze kwa asiyejua. Huku, mgeni akiletewa kahawa akaiacha mbele yake, anasema kwa kimya kwamba ana haja, na hatoinywa mpaka apewe. Mwenye nyumba hana raha tena. Kumwacha mgeni aondoke na kahawa yake imepoa ni aibu itakayosimuliwa mpaka kwa wajukuu. Yule mzee alijipinda kwa hasira, lakini mwisho alisema: kunywa, limekwisha. Mngereza akanywa. Tulipoingia garini alicheka njia nzima kwa namna alivyomweza.

"Basi na mimi ndivyo atakavyonifanya," alisema shangazi. "Ataniwekea kikombe chini, anikalie kimya, na mimi ndiye nionekane sina adabu." Akafikiri. "Ntampa chai."

"Chai?"

"Chai ya maziwa, na tangawizi, kama ya kwetu Unguja. Chai haina desturi. Chai ni chai."

"Na akiomba kahawa?"

"Nani anaomba kahawa nyumbani kwa watu? Hata Mngereza hajafika huko."

Alikuja baada ya alasiri, shati limepigwa pasi, mkononi ana halwa. Shangazi aliipokea halwa akaiweka nyuma ya mlango. Mngereza akaanza salamu za kimlimani, ndefu, habari na habari za habari, hakukosea hata moja. Shangazi akamwacha amalize, kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili.

"Mwambie n'namsikia."

"Shangazi, Kiarabu anakijua."

"N'najua anakijua. Kiarabu changu ni cha wageni wangu. Huyu ni mgeni wako, kwa hiyo tafsiri."

Ikaletwa sinia. Niliyaona macho ya Mngereza yakilitafuta birika la kahawa, yale mabirika yetu ya shingo nyembamba, na halikuwapo. Kulikuwa na kikombe kikubwa cha chai, kina picha ya ua. Hata hivyo akakipokea akakiweka chini, akaweka mikono magotini, akanyamaza.

Shangazi naye alinyamaza. Nje mtu alikuwa anagombana na mpakizi wa majora ya vitambaa. Tulisikiliza ugomvi ule mpaka ukaisha.

"Mwambie anywe," alisema shangazi. "Inashika utando."

"Nina haja kwanza," alisema Mngereza.

"Mwambie haja haiwekewi chai. Haja yake aiseme huku anakunywa, kama watu wanavyozungumza habari ya mvua. Na kama hapendi maziwa aseme, hatukasiriki."

Nilimtafsiria. Alikitazama kile kikombe muda, kisha akakiinua akanywa, utando ukambakia mdomoni. Hakuwa na mahali pa kusimama tena isipokuwa pale alipokuwapo, na mimi moyoni niliona raha ambayo sijaiona tena.

Shangazi hakumwuliza haja. Alimwuliza lile bomu lilifanywaje. Mngereza akaeleza upya yote aliyonieleza njia ya Yiti, safari hii bila fahari, anatazama mkeka. Kichupa. Asetoni. Kisahani. Sindano. Nilipofika kwenye rangi ya kucha shangazi aliinua mkono nisimame.

"Hii wanayonunua wasichana hapa mbele?"

"Hiyo hiyo, shangazi."

"Mama yangu hakupaka rangi kucha hata siku moja," alisema, na akanipa ishara niendelee.

Ndipo Mngereza akatoa alichokuja nacho. Alisema asetoni hufanya kazi haraka penye joto, na polepole penye baridi. Kulikuwa na jedwali: ukijua joto la mahali bomu linapokwenda, unajua kisahani gani utie. Yeye aliangalia kipimajoto cha uwanjani, pwani, akatia visahani vya joto lile. Alikusudia yapasuke usiku, mashamba yakiwa matupu, watu wasikie mapangoni mwao na waogope kurudi. Hakufikiria kwamba kule juu usiku maji huganda. Baadaye mtu mmoja aliyerudi kutoka mlimani aliwahadithia kuhusu baridi ile, naye akapiga hesabu kichwani, akajua kwamba yale ya usiku yatakuwa yamesogea mpaka asubuhi. Hakumwambia mtu. Alikuwa akijipa moyo kwamba hakukuwa na mtu asubuhi.

Ningeweza kuyapotosha maneno yake. Sikupotosha hata moja. Yalikuwa mabaya ya kutosha yalivyo.

"Mwulize," alisema shangazi, "alidhani mlima wetu ni jangwa?"

"Tulidhani Arabuni kote ni joto," alijibu.

Shangazi akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Watu wametoka kwenye theluji wakaisahau baridi. Haya. Sasa anataka nini?"

"Anataka umsamehe kwa kosa lile."

"Kosa lipi?"

"La baridi. La kutazama kipimajoto cha pwani."

Alimtazama Mngereza kwa mara ya kwanza usoni. "Kwa hiyo mwambie hivi. Lingepasuka usiku kama alivyotaka, leo asingekuja hapa."

Nilimwambia. Nilimwambia polepole, ili lisimpite. Mngereza alikizungusha kile kikombe kwenye kisahani chake. Alikuwa mtu wa kweli, hilo silikatai.

"Hapana," alisema. "Nisingekuja."

"Vizuri kasema kweli," alisema shangazi. "Sasa mtafsirie neno kwa neno, usipambe. Saa ya mama yangu kaiandika Mungu, hakuiandika yeye na visahani vyake. Kwa hiyo saa namsamehe, tena bila taabu, asiibebe. Bomu sitomsamehe. Bomu si kosa. Kalifunga kwa mkono wake akijua ni bomu na akijua linakwenda kwa watu wenye mashamba. Kaja kuniomba kidogo, nimempa kidogo alichoniomba. Lililobaki arudi nalo kwao."

Nilitafsiri bila kupamba. Uso wa Mngereza uliingia damu kisha ukatoka damu. Hakunitazama mimi. Alimgeukia shangazi mwenyewe, akasema kwa Kiarabu, "Nami nifanye nini, mama?"

Na shangazi akamjibu kwa Kiarabu, Kiarabu cha mlimani, neno moja tu alilompa tangu aingie.

"Ngoja."

Nilimpeleka mwenyewe uwanja wa ndege. Alinipa mkono, akaniuliza kama nadhani shangazi alimaanisha kwamba iko siku. Nilimwambia shangazi hasemi neno asilolimaanisha, akafurahi kidogo, na mimi nikarudi Hamriya nikiimba. Ile fyuzi ilibaki kwenye sanduku la zana. Nadhani aliyenunua lile gari anayo na hajui ni nini.

Mngereza alianza kupiga simu kila Idi. Anasalimu, anauliza afya za watu wote wa nyumba, kisha anafika kwenye lake. "Amesema chochote?" Mwanzoni nilikuwa nampelekea shangazi simu mpaka alipo, na yeye anatikisa kichwa bila kuacha kazi yake. "Mwambie bado." Namwambia bado. Mwaka mmoja nilikuwa Unguja wakati wa Idi, nimerudi kujaribu tena kuishi kwetu, nikashindwa, na niliporudi Maskati nikaambiwa Mngereza kapiga mara nyingi na hakuna aliyemwelewa. Nilijuta kuikosa simu ile. Si kwa kumwonea huruma. Nilihisi kama nimeikosa zamu yangu.

Tulipoingia miaka ya elfu mbili shangazi alianza kudhoofika. Miguu ilikataa kwanza, halafu na mambo ya karibuni yakaanza kumtoka. Nilikaa naye siku moja anakunywa uji, nikamwuliza kama ana neno kwa yule Mngereza.

"Mngereza gani?" alisema.

"Wa fyuzi, shangazi. Wa chai."

Akanitazama, akasema, "Uji huu hauna chumvi." Kama alikuwa amesahau kweli, au hakutaka kunipa mimi jibu la kumpelekea, sijui. Alifariki baada ya hapo kitandani mwake, wanawe wamemzunguka, na tulimzika pamoja na chochote alichokuwa amebaki nacho.

Idi iliyofuata simu ililia. Nilikuwa nimeshaandaa maneno: shangazi katangulia, hakukuachia neno, basi nawe pumzika. Mngereza akasalimu, akauliza afya za watu wote wa nyumba. Kisha akauliza, "Yupo?"

"Yumo ndani, anaswali," nilisema.

"Amesema chochote?"

"Bado."

Nimekuwa nikimjibu hivyo tangu siku hiyo. Mara yuko jikoni, mara kaenda kumpa mtu mkono wa tanzia, mara kalala. Mke wangu hapendi. Yeye ni mtu wa bara na ana moyo mwepesi. Hukaa karibu na simu akanitazama. "Mwambie mama wa watu kafariki, baba," husema. "Yule ni mzee, ana dhambi gani tena ya kungoja maiti?" Namwambia nitamwambia. Namwambia Idi ijayo. Kisha Idi inafika, simu inalia, na ninamwona bibi yangu ambaye sikumwona, ameinama kwenye mfereji, maji ndiyo kwanza yanaanza kuingia shambani, na ulimi wangu unakwenda unakotaka wenyewe.

Sauti yake sasa imekuwa nyembamba, na masikio nadhani yamekwenda, maana lazima nipaze sauti mpaka watoto waache kula wanitazame. Mara ya mwisho hakuuliza kama shangazi kasema chochote. Aliuliza tu kama yu mzima.

"Mzima," nilipaza sauti.

"Mwambie mimi bado nipo," alisema.

"Nitamwambia."

Nikaweka simu, nikanawa tena mikono, nikarudi kwenye sinia.